Siku 35: kwa nini Sovereignty hakupelekwa Preakness

Jumanne ya tarehe 6 Mei 2025, siku tatu baada ya mbio za farasi za Kentucky Derby, Marekani, mkufunzi Bill Mott aliwaarifu kwa simu waendeshaji wa uwanja wa Pimlico, Baltimore, kwamba mshindi wa Derby, farasi Sovereignty, hatafika kwao. Preakness Stakes ilikuwa tarehe 17, siku 11 mbele. Sovereignty hakuwa mgonjwa wala hakuwa anachechemea. Alikuwa mzima, na mpango ulikuwa kumngojea Belmont Stakes ya tarehe 7 Juni, siku 35 baada ya Derby.

Uamuzi huo ulifunga hesabu ya Mataji Matatu kwa mwaka mzima. Anayeweza kuyafuata ni farasi mmoja tu, yule aliyeshinda Derby. Asipofika Preakness, hakuna tena. Tangu Sir Barton mwaka 1919, farasi 13 tu ndio walioshinda Derby, Preakness na Belmont katika msimu mmoja, wa mwisho akiwa Justify mwaka 2018. Kati ya Affirmed wa 1978 na American Pharoah wa 2015 ilipita miaka 37 bila hata mmoja. Na farasi huruhusiwa kuyajaribu mara moja tu maishani, akiwa na miaka 3. Ndiyo maana wengi waliona Mott ameitupa bahati aliyokuwa ameishika mkononi.

Ukiweka kalenda ya mazoezi kando ya kalenda ya mbio, picha inabadilika. Hizi hapa nafasi kati ya mbio za Sovereignty tangu atimize miaka 3, kwa siku: 28, 35, 35, 49, 28, na 70 zilizokusudiwa mwishoni. Hakuna hata mara moja Mott alipompa chini ya wiki nne. Preakness ingempa siku 14. Kwa hiyo simu ya tarehe 6 Mei haikuwa badiliko la mpango. Ilikuwa ni mpango ule ule kuendelea.

Alivyofika Louisville

Sovereignty ni farasi dume wa Thoroughbred aliyezaliwa 2022. Baba yake ni Into Mischief, mama yake ni Crowned, binti wa Bernardini. Godolphin, banda la farasi la Sheikh Mohammed wa Dubai, ndio waliomzalisha na ndio wanaommiliki. Fulana yao ya buluu anaijua kila aliyewahi kusimama Meydan usiku wa Dubai World Cup. Huyu babu Bernardini alishinda Preakness mwaka 2006 bila kukimbia Derby, kwa sababu alichelewa kukomaa na hawakumlazimisha. Katika ukoo huu kuruka mbio moja ya Mataji Matatu si jambo geni.

Ushindi wa kwanza wa Sovereignty ulikuwa Street Sense Stakes, Churchill Downs, Louisville, uwanja wa Derby yenyewe, tarehe 27 Oktoba 2024, maili 1 na 1/16. Mott alikuwa amepata majibu mawili aliyoyataka: farasi anaweza mbio za kona mbili, na udongo wa uwanja huo haumsumbui. Akamweka kando siku 125. Alirudi tarehe 1 Machi 2025, Gulfstream Park, Florida, akashinda Fountain of Youth kwa shingo tu mbele ya River Thames.

Hapa pana jambo ambalo mtazamaji wa kawaida huliruka. Derby ina nafasi 20, na zinagawanywa kwa pointi zinazokusanywa kwenye mbio za maandalizi. Street Sense ilimpa 10, Fountain of Youth ikampa 50. Akiwa na 60 mwanzoni mwa Machi, nafasi yake Louisville ilikuwa salama. Maana yake ni kwamba Florida Derby ya tarehe 29 Machi, yenye pointi 100 kwa mshindi, hakuhitaji kuishinda. Alihitaji kuikimbia tu, apate jasho la kweli wiki tano kabla ya siku yenyewe. Alikuja wa pili nyuma ya Tappan Street, akiwa chini ya Manny Franco kwa sababu joki wake, yaani mpandaji wake wa kawaida, Junior Alvarado alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Pointi 50 nyingine, jumla 110, na farasi ambaye bado hajatolewa nguvu zake za mwisho.

Mkufunzi ambaye farasi wake ana pointi 15 mwezi wa Machi hana anasa hiyo. Anamnoa farasi mpaka mwisho kwa ajili ya mbio za Aprili, kwa sababu asiposhinda haendi popote, kisha anaomba Mungu ukali ule ubaki mpaka Mei. Mara nyingi haubaki. Wengi wa wale wanaoitwa "waliofifia" katika Derby walikuwa wameshakimbia Derby yao Aprili.

Tarehe 3 Mei mvua ilinyesha Louisville na njia ikawa uji wa matope. Walikimbia farasi 19. Aliyepewa nafasi kubwa na wapiga dau alikuwa Journalism wa Michael McCarthy, kutoka California. Sovereignty alianza nyuma sana, akapanda taratibu kwenye kona ya mwisho, wakashindana ana kwa ana na Journalism kwenye mnyoosho, yaani sehemu iliyonyooka ya mwisho, akampita kwa urefu wa farasi mmoja na nusu. Maili 1¼ kwa dakika 2 na sekunde 2.31. Wa tatu alikuwa Baeza. Kumbuka majina hayo matatu.

Siku 14 zinavyokwisha

Mtu asiyekaa bandani hudhani wiki mbili ni kupumzika wiki moja na kufanya mazoezi wiki moja. Sivyo. Tuzihesabu kama zinavyohesabiwa kwenye ubao wa chumba cha kuhifadhia tandiko.

Asubuhi ya Jumapili baada ya mbio, kazi ya kwanza hufanywa na saisi, si mkufunzi. Anaangalia ndoo ya nafaka ya usiku. Farasi aliyekula akalamba hadi chini amesema jambo moja. Aliyeacha nusu amesema lingine. Kisha kipimajoto, huku mkia umeshikwa pembeni: farasi mzima husoma kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 hivi za Selsiasi. Kisha bandeji zinafunguliwa, na kiganja kinateremshwa polepole nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi kifundo, kikitafuta joto. Kano iliyochoka huwa na joto kabla haijavimba, na huvimba kabla farasi hajachechemea. Anayengoja achechemee amechelewa wiki mbili. Baadaye farasi anatolewa atembezwe, na mkufunzi anasimama mahali pale pale anaposimama kila siku, aone kama hatua ni ile ile.

Siku 3 za mwanzo ni kutembezwa kwa kamba tu, bila tandiko. Farasi wa kilo 500 akitoka mbio za maili 1¼ huwa amepoteza kilo kadhaa, nyingi zikiwa maji na chumvi zilizotoka kwa jasho. Akiba ya glaikojeni kwenye misuli, yaani sukari anayoichoma akipiga mbio, huchukua siku mbili hadi tatu kujaa tena. Kwa binadamu ni haraka zaidi. Farasi hawezi kuharakishwa kwa kumlisha wanga mwingi, na ukijaribu utampa msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato. Siku ya 4 na ya 5 anakwenda telki, mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia. Siku ya 6 anaanza shoti nyepesi. Siku ya 7 na ya 8 shoti ya kawaida, maili moja na nusu.

Sasa ni siku ya 8, na mbio ni siku ya 14. Zoezi la kasi, lile linalopimwa kwa saa, linatakiwa liishe siku 6 au 7 kabla ya mbio ili mwili upate muda wa kulifanyia kazi. Yaani nafasi ya zoezi la kasi inaangukia siku ile ile farasi anapomaliza kurudi katika hali ya kawaida. Ndiyo maana wakufunzi wengi hawafanyi zoezi la kasi kabisa kati ya Derby na Preakness. Wanampandisha gari, wanafika Baltimore siku tatu nne kabla, na wanakimbia kwa akiba waliyokuja nayo kutoka Louisville.

Akiba hiyo ipo. Wapo farasi walioshinda Preakness nayo, na wako wengi. Lakini akiba haijengi kitu. Preakness inatumia, kisha inakuacha siku 21 kabla ya Belmont, ambazo nazo siku 8 za mwanzo zinakwenda kwenye kutembea na telki kama hizi. Farasi anayepitia njia hiyo anafika Juni akiwa amefanya mazoezi mawili ya maana ndani ya wiki tano.

Linganisha na siku 35. Siku 8 za mwanzo ni zile zile. Lakini zinabaki 27. Kwa kawaida zoezi la kwanza la kasi linaangukia kati ya siku ya 14 na ya 16, nusu maili, yaani falongi 4, kwa sekunde 49 hadi 50, farasi akiwa hajaombwa kitu. La pili wiki moja baadaye, falongi 5 kwa dakika 1 na sekunde 1 hivi, akimalizia na farasi mwenza kando yake. La tatu siku ya 28 hivi, na hili ndilo la kusoma mwili: joki anaporudi, je, farasi anahema kwa dakika ngapi kabla ya kutulia? Tena siku 35 zina nafasi ya kukosea. Mvua ikinyesha siku ya zoezi na njia ikashindiliwa ngumu kwa magari ili maji yatiririke, unasogeza siku moja au mbili na hakuna kilichoharibika. Katika siku 14, mvua moja ya siku mbili imekula mpango wote.

Hata Ngong, Nairobi, ambako Kenya Derby hukimbiwa mita 2,400, mkufunzi anaanza na tarehe ya Derby kisha anahesabu kurudi nyuma. Tatizo la Wamarekani ni kwamba tarehe zao tatu kubwa zimebanwa ndani ya wiki tano, na hakuna namna ya kurudi nyuma kutoka tarehe ya tatu bila kuigonga ya pili.

Kwa nini farasi huyu hasa

Hesabu hiyo ni ya farasi yeyote. Mott alikuwa na sababu zinazomhusu huyu mmoja.

Kwanza, namna anavyokimbia. Sovereignty hutoka nyuma na kuongeza mwendo kwa muda mrefu, tangu kona ya mbali hadi nguzo ya mwisho. Farasi wa mbele anaweza kushinda mbio kubwa bila kujitoa yote, akiachiwa aongoze kwa mwendo wa chini. Farasi wa nyuma hana ushindi wa bei rahisi. Kila ushindi ni kumkimbiza kila mtu. Na huu wa Louisville aliupata ndani ya matope, nyuma ya farasi kumi na zaidi waliokuwa wakimrushia uji usoni. Wakufunzi wanajua hali inayofuata kilele cha namna hiyo: farasi anakula, miguu ni baridi, damu iko sawa, lakini mbio zinazofuata anashuka. Dawa yake pekee ni muda.

Pili, mahali. Belmont Park ulikuwa unajengwa upya, kwa hiyo Belmont Stakes ya 2025, kama ya 2024, ilihamishiwa uwanja wa Saratoga, jimbo hilo hilo la New York, na kupunguzwa kutoka maili 1½ hadi 1¼. Saratoga ni nyumbani kwa Mott wakati wa kiangazi. Farasi angelala kwenye chumba chake, akinywa maji aliyoyazoea, na siku ya mbio angetembea kwa miguu kwenda kushindana. Safari ya gari au ndege si kukaa tu. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kukiinamisha kukohoa uchafu wa njia ya hewa, na nyumonia nyingi za safari huanzia hapo. Kwenda Baltimore kisha Saratoga ni safari mbili. Kwenda Saratoga moja kwa moja ni moja, tena na mwezi mzima wa kuisahau.

Na umbali wa maili 1¼, ule ule aliotoka kuushinda, uliondoa swali ambalo Belmont ya kawaida humuuliza kila mtoto wa Into Mischief, baba anayejulikana zaidi kwa kasi kuliko kwa pumzi ndefu.

Tatu, mmiliki. Hapa ndipo mijadala mingi ilipokosea, kwa kudhani mkufunzi anaamua peke yake. Preakness ilikuwa na kitita cha dola milioni 2, Belmont milioni 2. Farasi anayemilikiwa na ushirika wa watu kumi na wawili walionunua hisa ana watu kumi na wawili wanaotaka tiketi za Baltimore. Godolphin hawakuwa na haja hiyo. Walikuwa wameitafuta Derby tangu Worldly Manner mwaka 1999, na ndiyo kwanza wameipata. Ndani ya siku tatu zile za mwanzo wa Mei walishinda Kentucky Oaks kwa Good Cheer, Derby kwa Sovereignty, na huko Newmarket, Uingereza, 2000 Guineas kwa Ruling Court na 1000 Guineas kwa Desert Flower. Tena wao wenyewe ndio watakaomweka Sovereignty kuzalisha akistaafu. Thamani ya farasi kama huyu haiko kwenye kitita cha Mei. Iko kwenye orodha ya mbio kubwa alizoshinda akiwa mzima, na kila mbio anayoshindwa kwa uchovu inapunguza orodha hiyo.

Mott mwenyewe hakuwa na la kuthibitisha. Ni mkufunzi wa Cigar, aliyeshinda mbio 16 mfululizo kati ya 1994 na 1996, ikiwemo Dubai World Cup ya kwanza kabisa, Nad Al Sheba, Machi 1996, ambayo Cigar alifika baada ya tatizo la kwato kuvuruga ratiba yake ya mwezi huo. Mtu aliyepitia hilo hashtuki kufuta jina kwenye karatasi.

Majibu ya Juni, na mahali yanapoishia

Preakness ilikimbiwa bila mshindi wa Derby. Journalism alibanwa vibaya kati ya farasi wawili kwenye mnyoosho, akapenya, akashinda kwa nusu urefu mbele ya Gosger. Zilikuwa mbio za kishujaa, na za gharama. Wiki tatu baadaye, Saratoga, wa kwanza Sovereignty, wa pili Journalism, wa tatu Baeza: mpangilio ule ule wa Derby. Tofauti ni kwamba pengo la urefu mmoja na nusu lilikuwa limekuwa urefu wa farasi watatu, na saa ilisoma dakika 2 na sekunde 0.69 juu ya njia kavu.

Ni rahisi kusema hapo: umeona, mapumziko yameshinda. Twende polepole. Baeza naye hakukimbia Preakness, alikuwa na siku 35 zile zile, na bado alimaliza nyuma ya Journalism aliyekimbia mbio zote tatu. Na Journalism hakuvunjika; tarehe 19 Julai alishinda Haskell, Monmouth Park, New Jersey. Kwa hiyo huwezi kusema mbio tatu ndani ya wiki tano zinamwangamiza farasi. Unachoweza kusema ni kidogo zaidi: kati ya farasi wawili waliokaribiana sana Mei, yule aliyepewa siku 35 aliongeza pengo, na yule aliyepewa 14 kisha 21 hakulipunguza.

Kipimo kingine ni Rich Strike. Alishinda Derby ya 2022 kwa dau la 80 kwa 1, naye akitoka nyuma, na mkufunzi wake Eric Reed akafanya uamuzi huu huu: akaruka Preakness, akamngojea Belmont ya tarehe 11 Juni. Siku 35 kamili, hazizidi hazipungui. Alimaliza wa sita kati ya farasi wanane. Belmont ile ilikuwa ya maili 1½, na hakupata farasi wa mbele wanaojiua kwa kasi kama alivyowapata Louisville. Siku 35 zinamrudisha farasi kwenye uwezo wake. Hazimpi uwezo ambao hakuwa nao. Anayenakili ratiba ya Mott bila kuwa na farasi wa Mott anapata farasi mzima aliyeshindwa.

Je, Sovereignty angeshinda Preakness? Alimshinda Journalism kila walipokutana mwaka ule, na Journalism alishinda Preakness. Wenye kusikitika wana hoja. Lakini hoja yao inahitaji Sovereignty wa tarehe 17 Mei awe sawa na wa tarehe 3 na wa tarehe 7 Juni, na hilo ndilo Mott hakuwa tayari kuliwekea dau.

Julai na Agosti: kuchagua mbio za bei ndogo

Kiangazi kilikuwa na lengo moja, Travers Stakes ya tarehe 23 Agosti, maili 1¼, Saratoga. Katikati kulikuwa na milango miwili. Haskell ya tarehe 19 Julai ilikuwa na dola milioni 1, lakini kwa safari ya kwenda New Jersey na kurudi. Jim Dandy ya tarehe 26 Julai, hapo hapo Saratoga, ilikuwa na dola laki 5. Mott akachukua laki 5.

Jim Dandy ni maili 1 na 1/8, fupi kidogo kuliko lengo, na inakuja siku 49 baada ya Belmont na siku 28 kabla ya Travers. Farasi anatoka kwenye mapumziko marefu, anakimbia mbio ya kumfungua pumzi, kisha anabaki na nafasi ya mazoezi mawili mepesi ya kasi. Alishinda kwa urefu mmoja tu mbele ya Baeza, na wapo waliosema ameshuka. Hawakuwa wanatazama tarehe. Mkufunzi anayempeleka farasi Jim Dandy akiwa asilimia 100 ameiharibu Travers. Siku 28 baadaye Sovereignty alishinda Travers kwa urefu wa farasi 10, kwa dakika 2 na sekunde 0.84.

Siku 70, na kipimajoto

Kilichobaki ni Breeders' Cup Classic ya tarehe 1 Novemba, Del Mar, California, dola milioni 7. Mott hakuweka mbio ya katikati. Palikuwa na nafasi ya Septemba, kwa mfano Pennsylvania Derby ya tarehe 20, ambayo Baeza aliichukua na kushinda. Lakini baada ya Travers ya namna ile, mbio ya Septemba ingeongeza nini? American Pharoah mwaka 2015 alikaa siku 63 kati ya Travers na Classic, akashinda Classic kwa urefu wa farasi 6 na nusu. Flightline mwaka 2022 alikaa siku 63 kati ya Pacific Classic na Classic, akashinda kwa urefu 8 na robo. Pengo refu halimdhuru farasi mwenye umbo lililokomaa, mradi mazoezi ya kasi yaendelee kila siku 7 hadi 8 na yale ya mwisho yawe marefu ya kutosha kuchukua nafasi ya mbio.

Sovereignty alifika Del Mar akiwa ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote. Wiki ya mbio akapata homa, akatolewa.

Homa ya siku 5 kabla ya mbio haina mpango. Dawa za kuishusha haziruhusiwi kuwa mwilini siku ya mbio, na baadhi zinahitaji siku kadhaa kutoka. Hata ikishuka yenyewe ndani ya saa 24, damu huonyesha chembe nyeupe zimebadilika, na farasi aliyepigana na maambukizi Jumatatu hana mapafu ya kukimbia maili 1¼ Jumamosi. Mkufunzi anayesema "joto limerudi kawaida, tunakimbia" anahatarisha nyumonia na kutoka damu mapafuni. Ndiyo maana kipimajoto kinapimwa asubuhi na jioni, si mara moja: joto la farasi hupanda kidogo jioni kwa kawaida, na bila rekodi ya jioni zilizopita huwezi kujua kama 38.4 ni jioni au ni ugonjwa. Daftari hilo huning'inizwa mlangoni mwa chumba cha farasi, na saisi analijaza kwa kalamu.

Classic ilichukuliwa na Forever Young wa Japan, nusu urefu mbele ya Sierra Leone. Mkufunzi wake Yoshito Yahagi alimpumzisha tangu Dubai World Cup ya Aprili, akampa mbio moja ya nyumbani mwanzoni mwa Oktoba, kisha akampandisha ndege. Journalism alikuwa wa nne.